Moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa: je, nisafiri nikapigwe picha ya neva zake?

SWALI: "Daktari, nina miaka 56, nauza vitenge. Kisukari ninacho mwaka wa 15 sasa, presha mwaka wa 9. Natumia metformini, gliklazidi, losatani, haidroklorothayazidi, na usiku amitriptilini ya 25 kwa sababu nyayo zinawaka moto. Tangu mwaka jana moyo wangu unapiga 100 hadi 108 hata nikiwa nimekaa kimya, na nikiinuka kutoka sijida naona giza mpaka nishike ukuta. Nimefanya ECG na eko, zote wamesema nzuri. Mdogo wangu yuko Ujerumani. Anasema huko kuna picha ya neva za moyo inayoona mishipa iliyoziba ambayo ECG haiwezi kuiona, na kwamba nisipoipata naweza kufa usingizini. Ndugu wameshaanza kuchanga nauli. Je, niende? Na kama neva zimekufa, dawa ipo?"

JIBU: Dada yangu, nianze na lile unalolisubiri: usisafiri kwa ajili ya picha hii. Kwa hali uliyoieleza, majibu yake hayangebadilisha hata kidonge kimoja katika matibabu unayohitaji, na kwa dawa unazokunywa sasa hivi yangeweza hata kuwa ya uongo. Nitakueleza kwa nini. Lakini mdogo wako hakutunga habari. Picha hiyo ipo, ni elimu nzuri, na ugonjwa anaouhofia ni wa kweli. Nawe hukukosea kutoridhika na karatasi iliyoandikwa "kawaida". Moyo unaopiga 104 mtu akiwa ametulia, pamoja na giza machoni akiinuka, unahitaji maelezo, na inaonekana hakuna aliyekaa chini akakupa.

Kwanza tutenganishe mambo ambayo mdogo wako ameyafunga kitita kimoja. Moyo una mishipa ya damu inayoulisha. Hiyo ikiziba ndipo hutokea shambulio la moyo, na kipimo kinachoonesha kuziba ni angiografia au CT ya mishipa ya moyo. Una msuli na vali, ambavyo huonekana kwa eko. Una umeme wake wa ndani, na huo ndio ECG inaouandika, tena kwa sekunde 10 tu katika karatasi ya kawaida. Halafu kuna neva zinazotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo kuja kuuongoza. Hizo ni kitu cha nne, na hakuna kati ya vipimo vyako viwili kilichoziangalia. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na eko safi na neva mbovu kwa wakati mmoja. Vilevile picha ya neva haioni mshipa wa damu ulioziba. Kwa hofu ya kuziba, picha hiyo si jibu, hata ikipigwa kwa mashine ya thamani gani.

Sasa, kwa nini moyo unakimbia? Moyo hauhitaji neva ili upige. Una sehemu yake ndogo upande wa juu kulia inayozalisha mapigo, na ukiachwa peke yake, kwa mtu mzima hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Hilo tunalijua vizuri kutoka kwa watu waliopandikizwa moyo: neva hukatwa wakati wa upasuaji, na mapigo yao mara nyingi hukaa kati ya 90 na 110 hata wakiwa wamelala. Mwingine akiwa na mapigo 70, ni kwa sababu neva ya vagasi, ile ndefu inayoteremka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi kifuani na tumboni, inaushikilia moyo usikimbie. Kundi la pili ni neva za simpathetiki. Ukishtuka, ukipanda ngazi, ukisimama, hizi humwaga kemikali iitwayo noradrenalini kwenye msuli wa moyo na kwenye kuta za mishipa ya damu. Moyo huongeza kasi, mishipa hujikaza. Kujikaza huko ndiko kunakukinga usianguke kila unapoinuka, maana mtu akisimama, nusu lita ya damu au zaidi hushukia miguuni na tumboni kwa mara moja.

Sukari ya juu ya miaka mingi huvuruga kemia ya ndani ya neva, na huharibu vimishipa vidogo vya damu vinavyozilisha. Neva ndefu huumia mapema. Ndiyo sababu moto ulianzia nyayoni na si mikononi, na ndiyo sababu vagasi huwa miongoni mwa za mwanzo kulegea. Ikilegea, simpathetiki hubaki bila wa kuipinga: mapigo ya mapumziko hupanda hadi 90, 100 na kupita, na hayabadiliki sana ukilala, ukivuta pumzi au ukisinzia. Miaka ikisonga, simpathetiki nayo huanza kufa. Hapo presha hushuka ghafla mtu akisimama. Kuna ujanja mmoja hapa ambao huwapotosha wengi: katika hatua hiyo mapigo yanaweza kushuka kidogo kuelekea kawaida, mgonjwa akafurahi kwamba anapona, kumbe upande wa pili nao unazimika.

Nyuzi zinazopeleka maumivu ya moyo ubongoni husafiri pamoja na hizo za simpathetiki. Ndiyo maana mtu mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kupata shambulio la moyo bila kifua kumuuma. Nitalirudia hili mwishoni kwa sababu ndilo linaloua.

Presha nayo ina mchezo wake, na ni kinyume cha ule wa kisukari. Kwa watu wengi wenye presha ya kupanda neva za simpathetiki hazijafa. Zimechangamka kupita kiasi, zinamwaga noradrenalini nyingi kuliko mwili unavyohitaji. Aliye na magonjwa yote mawili, kama wewe, anaweza kuwa na nyuzi chache zilizobaki, nazo zinafanyishwa kazi kupita kiasi. Upungufu wenyewe haulingani moyoni kote. Watafiti wa Michigan, Marekani, waliopiga picha mioyo ya watu wenye kisukari miaka ya 1990, waliona ukuta wa chini na kuelekea nchani ndio unaopoteza neva kwanza, huku sehemu za juu zikiendelea kuwa nazo. Moyo ambao sehemu moja inapokea amri na nyingine haipokei huwa rahisi kuvurugika mapigo. Hapo ndipo hofu ya mdogo wako ilipoota mizizi.

Je, hofu hiyo ina ukweli? Kiasi, ndiyo. Katika utafiti mkubwa wa ACCORD uliofanyika Marekani na Kanada kwa watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari cha aina ya pili, waliokuwa na neva za moyo zilizoharibika walikufa mara 1.5 hadi 2 zaidi ya wasiokuwa nazo. Hilo ni ongezeko la kuchukuliwa kwa uzito. Lakini halina maana kwamba ukilala leo huamki, na picha yenyewe haimkingi mtu na kifo. Kinachokinga ni yale yanayofanywa baada ya ugonjwa kujulikana, na ugonjwa huu unajulikana bila picha.

Nikueleze picha ilivyo, ili ukibishana na mdogo wako uwe na hoja. Dawa inayotumika sana inaitwa MIBG. Ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Michigan karibu na mwaka 1980, na asili yake ni guanethidini, dawa ya zamani ya presha iliyokuwa ikiingia ndani ya ncha za neva za simpathetiki na kuzinyamazisha. (Wagonjwa wa enzi hizo walioinywa walisumbuliwa na jambo hilohilo linalokusumbua wewe: wakisimama, giza.) MIBG huingia kwenye neva kwa mlango uleule ambao neva hutumia kurudisha noradrenalini yake ndani. Ikibandikwa iodini yenye mionzi hafifu, kamera ya kitengo cha tiba ya nyuklia huweza kuona ilikojikusanya. Penye neva hai hung'aa. Palipokufa hubaki giza.

Siku ya kipimo mgonjwa hupewa kwanza dawa ya kuikinga tezi ya shingo isinywe iodini hiyo. Kisha huchomwa sindano ya mshipa, hupigwa picha baada ya dakika 15 hivi, huambiwa apumzike, na hurudi chini ya kamera baada ya kupita saa 4 tangu sindano. Wataalamu hutoa namba mbili. Ya kwanza hulinganisha mng'ao wa moyo na mng'ao wa katikati ya kifua. Ya pili hupima kiasi kilichotoweka kati ya picha ya kwanza na ya pili. Fikiria mtungi: namba moja inasema ulijaa kiasi gani, nyingine inasema unavuja kwa kasi gani. Kwa kisukari kilichoharibu neva, mtungi haujai. Kwa presha iliyokwisha kunenepesha msuli wa moyo, na zaidi kwa moyo ulioshindwa kusukuma damu, unavuja haraka. Mionzi yake ni kama milisiveti 5 kwa kipimo cha kawaida, yaani takriban ile ambayo binadamu hupokea kutoka ardhini na angani kwa miaka 2. Si ya kuogofya, ila si ya kujipiga bila sababu.

Ipo pia picha ya PET, aina nyingine ya kamera ya mionzi, inayotumia kaboni-11, na hiyo ndiyo iliyoonesha kwa undani zile sehemu zilizopungukiwa. Kaboni-11 hupungua kwa nusu kila dakika 20. Lazima itengenezwe kwenye saiklotroni, mashine ya kutengeneza vitu vyenye mionzi, iliyo jirani na chumba cha picha. Hata Ulaya ni kipimo cha vyuo vikuu vichache, zaidi kwa utafiti. Kwetu, Nairobi kuna saiklotroni na mashine za PET, lakini kazi yake kubwa ni wagonjwa wa saratani. Iodini-123 ya MIBG hudumu kidogo zaidi, nusu yake huisha kwa saa 13, na hiyo pia inahitaji mtengenezaji na ndege ya uhakika.

Udhaifu wake sasa. Watu wazima wasio na ugonjwa wowote, hasa wenye umri, huonesha mng'ao mdogo kwenye ukuta wa chini wa moyo, palepale kisukari kinapoanzia. Kwa hiyo picha yenye kasoro ndogo mahali hapo haimwambii daktari mengi. Namba yenyewe hubadilika kulingana na kichujio kilichofungwa kwenye kamera, hivyo ya hospitali moja huwezi kuilinganisha na ya nyingine bila kufanya hesabu za marekebisho. Kubwa kuliko yote ni dawa. Dawa kadhaa huziba ule mlango wa neva au huifukuza MIBG ndani, na picha hutoka giza kwa mtu mwenye neva nzima. Labetalo, dawa ya presha, imo. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini zimo. Na amitriptilini yako imo. Ungefika Ujerumani, ungelala chini ya kamera, ungeambiwa moyo wako hauna neva, na sehemu ya giza hilo ingekuwa kidonge ulichomeza usiku kwa ajili ya nyayo. Kituo makini kingekuuliza dawa zako kabla na kukuachisha kwa utaratibu. Lakini basi ungekuwa umekwenda mbali kufanya jambo ambalo daktari wako wa kliniki angeweza kulianza hapahapa.

Ushahidi wa manufaa yake uko wapi? Upo kwa kundi ambalo wewe humo. Utafiti wa ADMIRE-HF uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata wagonjwa 961 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kweli, ikisukuma asilimia 35 au chini ya hapo ya damu iliyomo. Wale ambao namba yao ya kwanza ilikuwa 1.6 au zaidi, asilimia 15 walipata tatizo kubwa la moyo ndani ya miaka 2. Walio chini ya hapo, asilimia 37. Ni tofauti kubwa, na ndiyo iliyofanya mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2013, iruhusu picha hiyo kwa wagonjwa wa aina hiyo. Eko yako ni nzuri. Kukuwekea namba za watu wale itakuwa kukutisha bure.

Na kwa mtu wa kisukari asiye na dalili za mishipa ya damu kuziba, hata kumpiga picha za mtiririko wa damu moyoni kwa ajili ya tahadhari hakujaonekana kuokoa. Utafiti wa DIAD wa Marekani na Kanada uliwagawa watu 1,123 wenye kisukari cha aina ya pili: nusu wakapigwa picha, nusu hapana. Kati ya waliopigwa, asilimia 22 walikutwa na upungufu wa damu ambao hawakuuhisi. Lakini baada ya karibu miaka 5, idadi ya walioshambuliwa na moyo au kufa kwa moyo ilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Jambo la kuvutia ni kwamba mojawapo ya alama zilizowabashiria watu hao upungufu huo ilikuwa kipimo rahisi cha neva za moyo, cha kupuliza pumzi kwa nguvu. Hicho hakihitaji mionzi wala pasipoti.

Haya, tufanye kazi yetu. Kipimo cha kwanza unaweza kukifanya nyumbani kwa mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Asubuhi, kabla ya chai na dawa, lala chali dakika 5. Pima, andika presha na mapigo. Simama, mtu awe karibu nawe, pima baada ya dakika 1, kisha dakika ya 3. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hiyo ni presha inayoanguka ukisimama. Halafu tazama mapigo, maana ndiyo yanayosema kisa chake. Tuseme umelala 160, umesimama 125: imeshuka 35. Mwenye neva nzima mapigo yake yangepanda angalau nusu ya hapo, 17 au 18, kufidia. Yakipanda 4 tu, kidole kinaelekea kwenye neva. Yakiruka 30, neva zinafanya kazi yake na inafaa kutafuta sababu nyingine: maji mwilini kupungua, damu pungufu, au dawa. Rudia siku kadhaa, na mara moja au mbili upime saa moja baada ya mlo mkubwa, kwa sababu wapo ambao presha yao huanguka baada ya kula wali na si asubuhi.

Cha pili ni cha kliniki, na mashine yake ni ileile ya ECG. Unalala, unavuta pumzi taratibu sekunde 5 na kuitoa sekunde 5, kwa dakika nzima, karatasi ikiendelea kutoka. Vagasi ikiwa hai, mapigo hupanda ukivuta na kushuka ukitoa. Kwa kawaida tofauti ni 15 au zaidi, ingawa umri huipunguza. Ikiwa 10 au chini, ni kasoro. Kuna na cha kusimama huku ECG ikiandika, na kile cha kupuliza kwenye mrija kwa sekunde 15. Vilikusanywa na kupangwa Edinburgh, Uskoti, miaka ya 1970, na mpaka leo ndivyo msingi wa utambuzi. Angalizo moja: kama kisukari kimekwisha kukuharibu macho hata yakavuja damu kwa ndani, usipulize mrija, mwambie daktari kabla. Siku hiyo usinywe kahawa, na usipimwe kama sukari ilishuka usiku uliopita.

Na sasa yale ambayo mimi ningeyafanya hata kabla ya hivyo, maana nimekutana na wengi walioambiwa neva zimekufa kumbe ni mambo ya kurekebishika. Amitriptilini kwa nafsi yake hupandisha mapigo, hupunguza kubadilika kwake, na huangusha presha ya kusimama. Inaiga kabisa ugonjwa tunaoutafuta. Haidroklorothayazidi hukamua maji na chumvi, hasa joto la pwani likishika. Metformini ya miaka mingi hupunguza vitamini B12 kwa baadhi ya watu, na upungufu huo huunguza nyayo na kushusha damu. Kwa hiyo omba vipimo vya wingi wa damu, B12, tezi ya shingo, figo na chumvi za damu. Omba pia daktari wako aangalie uwezekano wa kukuondoa polepole kwenye amitriptilini na kukuweka kwenye nyingine kama gabapentini, na kama thayazidi bado inakufaa. Tafadhali usiikate mwenyewe usiku wa leo. Kuacha ghafla kuna mateso yake, na presha isiyo na dawa ni hatari kuliko kizunguzungu.

Utaona sijasema upewe dawa ya kupunguza mapigo. Namba ya 104 ikishushwa hadi 80 kwa kidonge inapendeza daftarini, lakini kama tatizo ni neva, kidonge hicho kinaweza kuongeza kuanguka kwa presha na kuficha dalili za sukari kushuka. Zipo sababu nzuri za kuzitumia dawa hizo. Kupendezesha namba si mojawapo.

Umeuliza kama neva zilizokufa zina dawa. Ya kuziotesha upya, hapana, na anayekuuzia ya mitishamba kwa ahadi hiyo anakula pesa zako. Kuchelewesha uharibifu, ndiyo, tena kwa kiasi kikubwa. Utafiti wa Steno-2 wa Denmark uliwachukua watu 160 wenye kisukari cha aina ya pili ambao figo zao zilianza kuvuja protini. Nusu yao walibanwa kwa pamoja kwenye sukari, presha, mafuta ya damu, lishe, mazoezi na sigara. Baada ya karibu miaka 8, kuendelea kwa uharibifu wa neva zinazoongoza moyo na viungo vingine vya ndani katika kundi hilo kulikuwa kama theluthi moja tu ya lile lililotibiwa kwa kawaida. Hakukuwa na dawa ya ajabu humo. Mazoezi ya kutembea na kupunguza uzito huweza hata kuirudishia vagasi nguvu kiasi, ukianza mapema. Katika kutembea usitegemee saa ya kuhesabu mapigo, kwa sababu mapigo yako hayasemi kweli. Tembea kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza.

Ila sukari usiishushe kwa pupa. Ule utafiti wa ACCORD, upande uliolazimishwa sukari ya chini sana ulisimamishwa mwaka 2008 kwa sababu vifo vilizidi. Mwenye neva za moyo zilizoumia huenda asihisi kutetemeka wala moyo kudunda sukari inaposhuka, na gliklazidi ina uwezo wa kuishusha. Kwa mtu kama wewe mimi hulenga HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama 3, kati ya asilimia 7 na 8, taratibu, kwa miezi.

Mambo madogo ya nyumbani yana faida kuliko yanavyoonekana. Inuka kwa hatua: kutoka sijida kaa kwanza, kunja vidole vya miguu mara kadhaa, ndipo usimame; na ukiona giza, sali umekaa. Nusu lita ya maji kwa mkupuo kabla ya kuamka kitandani huinua presha kwa muda. Gawa mlo mkubwa uwe midogo miwili. Lala kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa, kwa kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kwa sababu wagonjwa hawa wengi wana presha inayoanguka mchana na kupanda usiku. Kuhusu Ramadhani, usingoje mwezi uandame ndipo uulize: kisukari, thayazidi, gliklazidi na presha ya kuanguka kwa pamoja ni sababu tosha ya kukaa na daktari mapema, na pengine na sheikh wako pia. Na ukiambiwa upasuaji wowote wa kulazwa usingizi, mtaje mapema mtaalamu wa usingizi kwamba mapigo yako yako hivi na presha huanguka. Presha ya watu wenye tatizo hili huweza kuyumba vibaya chini ya dawa za usingizi, na akijua hujiandaa.

Lini ningekubali picha ya MIBG? Kama siku moja eko itaonesha moyo umeshindwa na kuna utata kuhusu kuwekewa kifaa cha kushtua moyo. Kama kuna dalili za Parkinson au upotevu wa kumbukumbu unaotatiza utambuzi. Japani huitumia sana kwa hilo, ajabu ya mambo, kupiga picha moyo ili kuelewa ubongo. Na kuna hali moja ya presha ambayo nakuomba uifikirie kwa uaminifu: je, presha yako hupanda kwa vipindi, ghafla, pamoja na kichwa kupasuka, jasho jingi na moyo kudunda, kisha kutulia? Kama ndivyo, kuna uvimbe adimu wa tezi za juu ya figo unaoleta hivyo. Huanza kutafutwa kwa kipimo cha damu au mkojo, na baadaye MIBG ya mwili mzima huweza kusaidia. Hukuandika hivyo, na siamini kwamba ndilo lako, lakini swali lina haki ya kuulizwa. Kwa sasa nenda kwa bingwa wa moyo au wa kisukari aliye karibu nawe. Kama uko Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar es Salaam, hospitali ya KCMC Moshi au ya Bugando Mwanza zinatosha, na rufaa inaweza kuanzia kwenye kliniki yako ya kila mwezi. Nenda na maboksi yote ya dawa, pamoja na zile za dukani, na lile daftari la presha.

Kuna mambo ambayo hayangoji miadi. Pumzi kukatika ghafla, jasho la baridi, kutapika kusikoeleweka, uchovu wa ghafla usiokuwa na sababu, au maumivu ya taya, mgongo au mkono: kwako wewe hayo ni moyo mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama kifua hakiumi kabisa. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyohiyo, uombe ECG, na useme wazi kwamba una kisukari cha miaka 15. Kuzimia ukiwa umekaa au umelala, au kuzimia kulikotanguliwa na moyo kuparaganyika, nako ni dharura. Ukizimia, wenzako wakupime sukari kwanza huku gari likitafutwa.